Kopo tupu si tupu: tuwafundishe watoto vitu vigumu, vya majimaji na gazi



Wiki hii tunawaletea somo moja ambalo watoto wenu wa shule ya msingi wanalileta nyumbani ndani ya daftari: hali tatu za vitu. Mtoto ameandika maneno ya Kifaransa, solidi, likidi, gazi, na pengine amechora jiwe, chupa ya maji na moshi. Ukimwomba ayaseme, atakuimbia maneno yote matatu bila kukosea. Basi mwonyeshe kopo lisilo na maji na umwulize: "Mwanangu, ndani ya kopo hili mna nini?" Wengi wanajibu: "Hamna kitu, mama."

Jibu hilo linatusumbua sana sisi walimu. Kwa mtoto anayekaa Goma, Sake au pahali pengine karibu na ziwa Kivu, kuamini kwamba kisichoonekana hakipo ni hatari. Kwetu huku kuna gazi mbili zinazoua bila kuonekana na bila kunusa: mazuku yanayotoka ardhini, na gazi ya makala inayotoka katika mbabula zetu wenyewe. Kwa hiyo somo hili si la kupata pointi za mtihani tu. Na habari njema ni hii: vyombo vya kulifundisha viko jikoni kwenu, tena ni vingi kuliko vile tulivyo navyo darasani.

KUTOFAUTISHA HALI TATU

Kitu kigumu, ambacho vitabu vingine vinakiita yabisi, kinashika umbo lake. Kijiko ukikiweka juu ya meza, ndani ya sufuria au mfukoni, kinabaki kijiko.

Kitu cha majimaji, au kimiminika, hakina umbo lake. Kinachukua umbo la chombo. Maji ndani ya bidoni yana umbo la bidoni, ndani ya sahani yana umbo la sahani. Lakini kiasi hakibadiliki: litri moja inabaki litri moja.

Gazi, ambayo wengine wanaiita gesi, haina umbo wala kiasi cha kudumu. Inajaza pahali pote inapopata. Fungua chupa ya marashi katika pembe moja ya chumba. Baada ya muda mfupi, aliyekaa pembe ya pili ananusa. Hakuna aliyempelekea.

Kwa nini iko hivyo? Kila kitu kimefanywa kwa chembe ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuziona. Darasani tunawaeleza watoto kwa mchezo, nanyi mnaweza kuufanya uwanjani. Kwanza watoto wasimame bega kwa bega, kama watu ndani ya kanisa lililojaa: kila mmoja anatikisika kidogo, lakini haachi nafasi yake. Hicho ni kitu kigumu. Kisha watembee kama watu wa sokoni: wako karibu karibu, lakini kila mmoja anapita kati ya wenzake. Hayo ni majimaji. Mwisho, mwalimu anapiga kengele na kila mtoto anakimbia upande wake mpaka ukuta umzuie. Hiyo ni gazi. Mtoto aliyecheza mchezo huo mara moja hasahau.

UNGA NI MAJIMAJI?

Mtoto mwenye akili atawauliza swali hili: "Mama, unga unamiminika kutoka kwenye mfuko. Basi ni kitu cha majimaji?" Msimnyamazishe. Ni swali zuri, na hata wanafunzi wakubwa linawashinda.

Mimineni unga juu ya sahani, kisha mimineni maji juu ya sahani nyingine. Unga unafanya kilima, maji hayafanyi kilima hata siku moja. Uso wake unanyooka. Kisha chukueni punje moja ya chumvi au ya mchanga. Iko ngumu, ina umbo lake. Unga, chumvi, sukari na mchanga ni vitu vigumu vilivyo vidogo vidogo na vingi.

Jaribio la pili ni la watoto wadogo wa miaka minne mpaka sita. Jazeni glasi mbili za namna moja kwa maji sawasawa. Mtoto akikubali kwamba ni sawa, mimineni maji ya glasi moja ndani ya chupa nyembamba na ndefu. Mwulizeni: "Sasa wapi mna maji mengi?" Mtoto mdogo ataonyesha chupa, kwa sababu maji yamepanda juu. Mtaalamu Jean Piaget wa Uswisi alijulikana kwa majaribio ya namna hiyo. Aliona kwamba mtoto mdogo anahukumu kwa jicho, na kufikia karibu miaka saba hivi anaanza kuelewa kwamba maji ni yale yale. Kwa hiyo asipojibu vizuri msimcheke wala msimpige. Mpeni maji na vyombo amimine mwenyewe, siku nyingi.

MAJI MAMOJA, HALI TATU

Wenye frigo nyumbani wana barafu. Wasio na frigo wasubiri mvua ya mawe: mtoto aokote jiwe moja la mvua, alishike mkononi, aone linavyogeuka maji. Kitu kigumu kimekuwa majimaji kwa joto la mkono tu.

Mafuta ya mawese yanaonyesha jambo lile lile. Asubuhi ya baridi yanaganda ndani ya chupa, na mama anaiweka karibu na moto ili yateremke. Msifanye kazi hiyo kimya. Mwiteni mtoto na mwulizeni: "Mafuta haya yalikuwa namna gani? Sasa yamekuwa namna gani? Nani ameyabadilisha?" Jibu ni joto.

Sasa wekeni maji juu ya mbabula na mfuniko juu yake. Maji yakichemka, inueni mfuniko kwa uangalifu. Chini yake mna matone. Maji yalipanda yakiwa mvuke, yakakuta mfuniko ulio na baridi kidogo, yakarudi kuwa maji. Mvua nayo inapatikana kwa njia hiyo: maji ya ziwa na ya mashamba yanapanda kama mvuke, yanapoa juu, yanafanya mawingu. Nguo zinazokauka kwenye kamba zinatoa mvuke pia, ingawa hazichemki.

Hapa kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza: ule wingu mweupe unaouona juu ya sufuria ni matone madogo madogo ya maji. Mvuke wenyewe hauonekani. Tazameni mdomo wa birika linalochemka: pale karibu kabisa na mdomo panaonekana kama hapana kitu, na wingu linaanza mbele kidogo. Pale pasipo na kitu ndipo mvuke ulipo, na ndipo panapochoma vibaya kuliko maji ya moto. Mvuke ukigusa ngozi unageuka maji, na katika kugeuka unaachilia joto jingi. Watoto wasichungulie sufuria inapofunguliwa.

La pili linahusu maharage. Vitabu vinasema maji yanachemka kwa digri 100. Hiyo ni kweli kwenye usawa wa bahari. Goma na Bukavu ziko juu, karibu metre 1,500, na hewa ya huku inakandamiza maji kidogo kuliko kule pwani. Kwa hiyo kwetu maji yanachemka karibu na digri 95. Ndiyo sababu moja ya maharage yetu kukaa sana motoni, na kuongeza makala hakuongezi joto la maji yanayochemka. Yanakauka upesi tu. Loweka maharage usiku kucha, funika sufuria, punguza moto yakishachemka. Makala yatabaki.

HEWA NI KITU

Sasa tumefika kwenye kopo letu. Chukueni karatasi kavu, ikunjeni na kuisukuma mpaka chini ya kopo au glasi ili isianguke. Geuzeni kopo mdomo chini, na mlizamishe wima ndani ya beseni ya maji mpaka chini kabisa. Toeni bila kuliinamisha. Karatasi ni kavu. Mwulizeni mtoto: "Nani amezuia maji yasiingie?" Mwacheni afikiri. Kisha zamisheni tena, na safari hii inamisheni kopo kidogo. Mapovu yatatoka, na maji yataingia. Mapovu hayo ni ile hewa iliyokuwa imekaa ndani. Kopo halikuwa tupu.

Jaribio jingine: nunueni serenge mpya isiyo na sindano kwenye duka la dawa. Vuteni hewa ndani, zibeni mdomo kwa kidole, sukumeni. Inasukumika, kisha inarudi. Vuteni maji, zibeni, sukumeni. Hayasukumiki. Chembe za gazi ziko mbalimbali na zinaweza kukaribiana. Za maji zimekwisha kukaribiana. Ndiyo maana tairi la baiskeli linajazwa hewa.

Na sasa jaribio ambalo tungependa kila mama wa kartie zetu alifanye mbele ya watoto wake. Linahitaji mtu mkubwa, kwa sababu ya moto.

Washeni kipande kifupi cha mshumaa ndani ya glasi pana au kopo la chini. Katika chombo kingine kirefu, tieni kijiko cha bikarbonati, ile ambayo wengine wanatia kwenye maharage ili yaive upesi. Mwagieni maji ya ndimu au siki. Yatatoa povu. Povu likitulia, shikeni chombo juu ya glasi ya mshumaa na kukiinamisha polepole, kama mnamimina maji, lakini msiache majimaji yatoke. Mtoto haoni kitu kikimwagika. Na mshumaa unazimika.

Kilichomwagika ni gazi kaboniki. Ni ile ile tunayoitoa kwa pumzi, na ni ile ile iliyo ndani ya soda. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo inaanguka chini, inajaza shimo kama maji, na kufukuza hewa. Moto haukupata hewa, ukafa. Na mtu anayepumua pahali hapo anakuwa kama ule mshumaa.

MAZUKU

Sasa mnaelewa mazuku ni kitu gani. Si pepo wala uchawi wa jirani. Ni gazi kaboniki inayotoka ndani ya ardhi ya volkano kupitia nyufa za mawe. Inatoka pahali pengi kati ya Goma na Sake, hasa karibu na ufuko wa ziwa. Kwa sababu ni nzito, inalala kwenye mabonde madogo, mashimo na nyufa za lava. Usiku na alfajiri, upepo unapotulia, inajikusanya. Jua likipanda na upepo ukivuma, inatawanyika. Kwa hiyo pahali palipoua mbuzi alfajiri panaweza kuonekana pazuri saa sita za mchana, na mtoto akapitia hapo bila shida. Kesho yake asubuhi akirudi kuchota maji au kutafuta kuni, mambo yamebadilika.

Mtoto ndiye yuko hatarini zaidi, kwa sababu pua yake iko chini. Mama anaweza kusimama ndani ya mazuku yaliyofika magotini asihisi kitu, na mtoto aliyeketi karibu na miguu yake anapoteza fahamu. Familia zilizokimbia vita zikapata kiwanja cha kulala pahali zisipopajua ziko hatarini pia. Wamama wenyeji, waambieni wageni wenu pahali pa kuepuka kabla hawajatandika.

Yafundisheni nyumbani haya:

– Usishuke kwenye shimo au bonde dogo lenye panya, mijusi, ndege au wadudu waliokufa bila sababu.

– Usicheze, usichunge, usilale pahali pa chini karibu na mawe ya lava asubuhi mapema au jioni.

– Pahali penye mazuku, usiingie ndani ya shimo la choo au la msingi wa nyumba lililochimbwa.

– Ukiona mwenzako ameanguka humo, usimfuate. Piga kelele, ita watu wakubwa. Wavute kwa kamba au mti mrefu wakiwa wamesimama juu.

Neno hilo la mwisho ni gumu kwa mama. Moyo unasema shuka. Lakini anayeshuka na kuinama kumwinua aliyeanguka anaiweka pua yake palepale penye gazi, na ndipo nyumba moja inapopoteza wawili.

GAZI YA MAKALA NI NYINGINE

Watu wengi wanachanganya gazi hizi mbili, na kuzichanganya kunaweza kuua. Mbabula ikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, makala yanatoa monoksidi ya kaboni. Hii haianguki chini. Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, kwa hiyo inajaza chumba chote, chini na juu. Kulala juu ya kitanda kirefu hakusaidii.

Kinachotudanganya ni moshi. Moshi una vipande vidogo vya vitu vigumu, ndiyo maana tunauona na unachoma macho. Mama anawasha mbabula nje, anangoja moshi uishe, makala yamekuwa mekundu mazuri, kisha anaiingiza ndani kwa ajili ya baridi ya usiku wa mvua. Anafikiri hatari imekwisha. Moshi umekwisha, gazi bado inatoka. Inashika damu na kuizuia isibebe hewa tunayohitaji. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, tumbo linachafuka, usingizi unashuka. Aliyekwisha lala haamki kujua.

Basi mbabula isilale ndani, hata kama ni baridi, hata kama kuna mtoto mchanga. Hasa kama kuna mtoto mchanga. Mvisheni, mfunikeni, lale karibu na mwili wa mama. Ukimkuta mtu amepatwa, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi, mpeleke kwenye kituo cha afya hata kama ameamka. Kunywesha maziwa hakutoi gazi ndani ya damu. Kunapoteza wakati, na asiye na fahamu anaweza kusongwa.

PETROLI NA ZIWA

Goma inakumbuka Januari 2002, wakati lava ya Nyiragongo iliingia mjini tarehe 17. Jiwe lililoyeyuka liliteremka kama mto, kisha likaganda, na leo tunajenga juu yake: kitu cha majimaji kimerudi kuwa kigumu. Siku chache baadaye kituo kimoja cha mafuta kililipuka, makumi ya watu wakafa. Petroli ni majimaji, lakini inatoa mvuke kila saa, hata bila kupashwa moto, na mvuke huo ndio unaoshika moto kwanza. Wanaouza petroli katika chupa kando ya nyumba wajue hilo: mshumaa au mbabula havihitaji kugusa petroli, vinahitaji kugusa mvuke wake tu. Na petroli au javeli isiwekwe kamwe katika chupa ya maji ya kunywa. Majimaji mawili yanaweza kufanana kwa macho, na mtoto mwenye kiu hanusi kwanza.

Watoto watauliza pia juu ya ziwa Kivu. Chini kabisa mna gazi kaboniki na metani nyingi, zimeyeyuka ndani ya maji na kushikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu, kama gazi ya soda inavyoshikiliwa na kizibo. Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa gazi yake ghafla tarehe 21 Agosti 1986, na watu zaidi ya 1,700 walikufa. Hatusemi hayo ili kutisha. Kwa upande wa Rwanda, metani ya ziwa letu inatolewa na kugeuzwa umeme. Gazi inayojulikana inaweza kufanya kazi.

KAZI YA WIKI HII

Tunaomba kila kikundi kichague mama mmoja alete mshumaa, ndimu na bikarbonati kwenye mkutano ujao, na jaribio lifanywe mbele ya wote. Kisha kila mama alifanye nyumbani. Msiogope kwamba hamkusoma sana au hamjui Kifaransa. Semeni kwa Kiswahili, Kinande, Kihavu au Kishi, lugha yoyote ambayo mtoto anaielewa. Sisi shuleni tutamwongezea maneno ya Kifaransa. Maneno yana wakati wake. Lakini kujua kwamba hewa ni kitu, kwamba ina uzito, na kwamba nyingine si ya kupumua, hilo mtoto alijue kabla ya usiku wa leo.

Tunawatakia wiki njema, na madirisha yaliyo wazi.